Waridi Lililoanza kwa Kupiga Goti

Siku yangu ya kwanza kazini nilikatazwa kugusa kisu. Bwana Bustani Mkuu, aliyesimamia kitalu chetu pale chini ya mlima, alinipa ndoo akasema, "Zena, wewe kwanza mwagilia." Nilinuna, maana nilikuja kujifunza kubebesha, yaani kuchukua jicho la waridi zuri na kulipachika kwenye shina la waridi mwitu, ili mwitu amlishe mwenzake.

Kisu nilikipata mwezi wangu wa tatu pale, katika siku mbaya kuliko zote. Kijiti cha waridi jekundu kilikuwa kimetufikia kutoka ng'ambo, kimeviringishwa kwenye gazeti lililolowa, na macho yaliyokuwa hai ni matatu tu. Fundi wetu wa kubebesha alikuwa amelazwa na malaria.

"Fanya wewe," akasema Bwana Mkuu mbele ya wote. "Yakifa yote, nakurudisha kwenu Mgeta ukapalilie kabichi."

Nyinyi vijana wa leo mna utepe wa plastiki wa kufungia jicho. Sisi tulifunga kwa kamba za mgomba. Nilichana gome, nikaingiza jicho, nikafunga. La tatu nilipolitazama, kumbe nimelipachika kichwa chini! Kulichomoa niliogopa, na Bwana Mkuu alishasimama nyuma yangu. Nikalifunga hivyo hivyo.

Mawili yakakauka. Lile la tatu, kaidi kama mimi, likachipua kuelekea ardhini, kisha likajikunja kupanda juu.

"Huyu mbona anaanza kwa kuinama?" Bwana Mkuu akauliza.

"Anapiga goti, mzee. Anakuamkia."

Akacheka mpaka kofia ikadondoka. "Marahaba! Basi aitwe Shikamoo."

Miche yote ya Shikamoo imetokana na jicho lile. Nilipohamishiwa Mgeta niliipanda kando ya matuta ya kabichi, na malori ya mboga yakaanza kushusha na maua Dar. Baadaye nikapelekwa Mkuyuni, na huko, chini ya Bibi Shamba mmoja mkali, niliwafundisha akina mama kubebesha. Leo pita stendi ya mabasi ya Msamvu uone vijana wanavyowauzia abiria Shikamoo madirishani, wakiapa eti ni waridi la Ulaya. Huwa nacheka peke yangu.

Siku nilipoagwa kazini, Bwana Mkuu alikuja na mkongojo wake. Siri ile niliyoificha miaka yote nikaitoa.

"Mzee, jicho lile nililipachika kichwa chini."

"Najua. Niliona kabla hujalifunga."

"Na hukusema?"

"Ningesema, ungelichomoa, nalo lingekufa. Halafu, yale mawili yalivyokauka, ningelazimika kukufukuza, na mimi sikutaka uende."

Nililia mbele ya wageni bila aibu. Kisha nikapiga goti, na magoti yangu haya ya uzeeni, nikamwamkia upya. Ilibidi watu wawili waninyanyue.