Ubao wa Tchomia na Ukurasa Mweupe

Nilipoona kwa mara ya kwanza klavye, yaani kibodi, ya kompyuta iliyokatwa katikati, nusu huku na nusu kule, nilipiga kelele ofisi nzima ikanigeukia. Nilisema wametuibia. Kitu kile kilivumbuliwa Tchomia, wakati wa vita, na mama yangu mkubwa, kwa shoka.

Wakati ule nilikuwa fundi wa baiskeli mjini Bunia, na jioni nilisoma kupiga mashini ya kuandika. Nasema jioni kwa heshima tu. Watu walikatazwa kutembea giza likiingia, kwa hiyo shule yetu ya jioni ilianza saa nane mchana, jua likitukaanga. Jina halikubadilika. Mimi ni mhitimu wa shule ya jioni ambaye hakuwahi kuwashiwa taa.

Tulikuwa wanafunzi kumi na mmoja na mashini moja, nzito kama ng'ombe mwenye mimba. Mwalimu wetu, tuliyemwita Madame, alikuwa sekretari wa zamani ambaye vidole vyake havikuonekana vikipiga, vilionekana vikitetemeka kidogo, na barua ikawa tayari. Alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza: usiangalie vidole. Alikufunga kikwembe, kitenge chake, shingoni kama mtoto anayelishwa uji, akautandaza upande wa pili juu ya mashini, mikono yako ikabaki gizani humo kutafuta herufi zake. Ya pili: usiharibu wino. Utepe wa wino ulikuwa mmoja, na barabara zilikuwa zimefungwa. Pembeni ya mashini palikuwa na kijiti cha chuma. Ukikisukuma kwenye alama nyeupe, utepe haupandi, herufi zinagonga karatasi kavukavu. Mazoezi yote tuliyafanya kwenye alama nyeupe. Wino ulikuwa wa mtihani.

Mashini ile ililia kama bunduki, ikasikika mpaka Gety, mbali kabisa, nina hakika. Siku moja jirani alisimama mlangoni, vumbi kichwani.

"Madame, mutuambie basi saa ya masomo! Siye tuko tunalala chini ya kitanda kila siku juu ya alfabeti!"

Madame alituahidi jambo moja: atakayepiga vizuri ukurasa wa hadithi yake mwenyewe, chini ya kikwembe, atakuwa msaidizi wake, na mashini itakuwa yake kila asubuhi. Sikulala siku tatu. Kichwa changu kilijaa hadithi, lakini mwandiko wangu wa kalamu hata mimi mwenyewe niliusoma kwa kubahatisha. Tena nilikuwa na ugonjwa wa kufuta. Nikiandika sentensi nusu, naiangalia, naichukia, naikata. Daftari zangu zilikuwa mistari iliyokatwa tu. Niliitaka mashini ile kuliko chakula.

Kwa kuwa mashini ilikuwa moja, kila mmoja alitengenezewa ubao wenye herufi za rangi, wa kujifunzia nyumbani. Wangu niliupiga magotini mpaka viwiko vikabana mbavu na vifundo vya mikono vikawaka moto.

Halafu vita vikaingia mjini kwa nguvu. Madame alizika mashini kwenye shamba lake la mihogo, kila mtu akashika njia yake. Mimi nilimfuata mama mkubwa, dada ya mama yangu, kuelekea Tchomia, kando ya ziwa. Yeye sufuria kichwani, mimi ubao kwapani.

"Weye, benzako wanabeba chakula, weye uko unabeba mbao?"

"Mama, hii iko masomo yangu."

"Masomo haiwezi kuivisha maharagi."

Tchomia kuni zote zilikwenda kukausha samaki. Asubuhi moja nilisikia shoka. Nilipofika, ubao wangu ulikuwa tayari vipande viwili, na shoka limekwisha kupanda tena. Niliviokoa vile vipande kwa kuvilalia. Mama mkubwa aliweka shoka chini, akaenda kuomba kuni kwa jirani.

Misumari ya kuviunganisha haikuwapo. Nikaweka kipande kimoja kwenye paja la kushoto, kingine kwenye paja la kulia, mikono ikafunguka kama ya mtu anayempokea mgeni. Siku ya pili vifundo viliacha kuuma. Siku ya tano niligundua kubwa zaidi: ubao haubaki na kitu. Hakuna sentensi ya kurudia wala kukata. Ukipiga neno limekwenda, unalazimika kulifuata. Hadithi zangu, kwa mara ya kwanza maishani, zikaanza kufika mwisho.

Tuliporudi, Madame alifukua mashini, akaipaka mafuta yangu ya baiskeli, akaita mtihani. Kila mmoja aliruhusiwa kupasha vidole kidogo, kisha kupewa karatasi mpya. Aliyenitangulia alikuwa mchinjaji wa nyama, mwenye vidole vinene vilivyopiga herufi tatu kwa mpigo. Katikati ya ukurasa aliinua kikwembe kuchungulia, akatolewa.

Zamu yangu. Nilipasha vidole, karatasi ikawekwa, nikafunga macho na kuachanisha viwiko kama niko Tchomia. Niliruka! Sikusimama hata nukta. Nilipomaliza, Madame akavuta karatasi.

Nyeupe. Pepepe. Nilipasha vidole kwenye alama nyeupe, na kijiti sikukirudisha.

"Madame," mchinjaji akasema, "huyu ameandikia bamalaika. Beye banasoma bila wino."

Darasa likaanguka kwa kicheko. Mimi nilitazama mashini ikiondoka kwangu, kila asubuhi yake. Karatasi nyingine haikuwapo.

Madame hakucheka. Alipitisha kidole juu ya ukurasa, kama mtu anayepima kitambaa. Akaenda kwenye mbabula, jiko lake la mkaa, akachukua kipande cha mkaa, makala kama tunavyoyaita, kilichopoa, akaanza kuisugua karatasi polepole. Ukurasa ukawa mweusi, na ndani ya weusi herufi zikatokea nyeupe, moja moja, pale nilipogonga.

"Huyu anapiga kama anafungua gurudumu," alisema, kisha akasoma kwa sauti hadithi yote ya ubao na shoka. Mahali fulani alifuta jicho, akajipaka makala usoni.

"Lakini wino haiko!" mchinjaji alilalamika.

"Mutihani iko ya kupiga bila kuangalia. Huyu hakuangalia hata kitu kimoja, hata kile alipaswa kuangalia. Mashini ni yake asubuhi."

Nilikimbia nyumbani na ukurasa wangu, nguo zote zikiwa nyeusi. Mama mkubwa aliutazama.

"Ubao weye ulininyima kwa moto, na leo ni makala unaniletea?"

"Mama, nimepita."

"Basi soma."

Nikasoma. Alisikiliza huku akichambua sombe, majani ya mihogo, mpaka nilipofika kwenye shoka.

"Hapo umeongeza chumvi. Mimi nilipiga mara moja tu."

Nilikuwa nimeandika mara arobaini.

Kesho yake asubuhi, mashini ikiwa yangu, kwanza nilisukuma kijiti kwenye alama nyeusi. Kisha nikajifunga kikwembe shingoni bila kuambiwa na mtu, nikaipiga upya hadithi ile kwa wino, nyuma ya karatasi ileile. Mapigo arobaini nikayaacha kama yalivyo.