Vipima Hewa Vitatu vya Alinanuswe

Alinanuswe aliuza mchele soko la Mwanjelwa miaka ishirini, na mizani iliyochakachuliwa aliitambua hata kabla hujaweka kilo. Ndiyo maana mtaa wao wa Soweto ulipoletewa vipima hewa vitatu vya bei nafuu, kila kimoja cha aina yake, ili ijulikane kipi cha kuaminika, kazi akapewa yeye. Aliipokea kwa mikono miwili. Mumewe, mzee Rabson, kifua kilikuwa kinambana tangu baridi ianze, na mama huyu alishamjua mchawi: tanuru la matofali la jirani yao Kasian. Alichotaka ni namba tu za kumfungia kazi kwenye mkutano wa mtaa.

Akazipata upesi. Namba ikiwa kubwa, hewa chafu. Na alfajiri ya Jumatatu, ukungu umetanda, mlangoni kwake vipima viwili vilipanda hadi mia na themanini.

"Si nilisema!"

Cha tatu kilisoma thelathini. Akakisonya. "Kibovu hiki."

Lakini Jumapili, tanuru limezimwa, ukungu umelala mpaka mlangoni kama Jumatatu ile, vile viwili vikapanda vilevile. Eh! Moshi wa nani sasa? Hapo akakumbuka mizani ya Mwanjelwa: huijaribu kwa kitu unachokijua. Akachemsha maji kwenye birika la umeme, akavielekezea mvuke. Viwili vikaruka kama vimechomwa sindano. Cha tatu wala hakikujali.

"Vinahesabu ukungu, baba," alimwambia Rabson, na aibu ikamshika. Nusura amkatie mtu riziki kwa ajili ya ukungu.

Akabaki na kile cha tatu. Siku tatu akakitundika kwa Kasian, kando ya tanuru: sabini. Siku tatu nyingine jikoni kwake, anakopikia kwa jiko la maranda ya mbao, ukutani juu ya kigoda alichomwekea Rabson aote moto. Mia mbili na kumi, kila jioni. Alikaa chini akalia.

Siku ya mkutano Kasian alikaa nyuma kabisa, kofia mkononi. Alinanuswe akafungua daftari.

"Tanuru la Kasian ni sabini. Lina moshi, tutaongea naye," alisema. "Jiko langu ni mia mbili na kumi. Na mume wangu nimekuwa nikimkalisha pale mimi mwenyewe, kwa mapenzi."

Rabson alikohoa, akamvuta mkono.

"Kaa, mama. Kesho nitaota jua."