Nilivyomfunga Mwalimu kwa Askari wa Pembeni

Ninyi vijana mtakaosoma haya, someni mkiwa mmekaa. Msisome huku mnatembea. Mimi shule niliishia darasa la nne, nikaolewa, nikazaa, nikalima, basi. Lakini nimeishi na mwalimu tangu nikiwa binti mpaka mgongo umepinda, na kuna jambo nililiona kwenye mchezo wake wa sataranji, huo mnaouita chesi, nataka mlijue kabla hamjaanza kuwatunza wazee wenu kwa heshima ya kuwazika wazima.

Mume wangu alijifunza mchezo huo chuoni, alikosomea ualimu. Aliporudi Newala alimpelekea mchongaji mpingo na mti mweupe, akamweleza vipande kwa mdomo. Mchongaji yule hakuwa amewahi kuona farasi, kwa hiyo farasi wetu wana masikio ya mbuzi mpaka leo. Alicheza na mwalimu mwenzake miaka mingi. Mwenzake alipohamishiwa Tandahimba, akakosa wa kucheza naye, akanigeukia mimi.

Alinifundisha kama alivyofundisha darasani, kwa kanuni na kwa kukariri. Askari wa katikati watangulie. Farasi na maaskofu watoke mapema. Malkia asikimbilie nje. Mfalme afichwe haraka pembeni, ngome imkinge. Askari wa kandokando waache, hawana kazi mwanzoni. Nikimsogeza askari wa pembeni, anamrudisha mwenyewe kwenye mstari, kama anayefuta hesabu iliyokosewa. Ananiambia hapo sijaanza mchezo, nimepoteza zamu. Nikafuata. Nikafungwa miaka yote nikifuata kanuni, wala sikuona ubaya, maana kanuni zilikuwa zake na alizijua kuliko mimi.

Kisha kiharusi kikampiga. Mkono wa kulia ukalegea, maneno yakakauka. Mtu aliyekuwa akisikika mpaka barabarani akawa anasema neno moja asubuhi, jingine kesho yake. Daktari alituambia tumpe kitu cha kushughulisha akili, tukamwekea ubao wake barazani. Akawa anacheza kwa mkono wa kushoto, na kila aliyekuja kumjulia hali alikaa akacheza naye kidogo.

Na kila aliyecheza naye alimwachia ashinde. Majirani walimwachia, wanangu walimwachia, mjukuu wangu wa kidato cha pili aliyekuwa likizo naye alimwachia. Kumfunga mzee mgonjwa kwetu huku ni sawa na kumpita njiani bila shikamoo. Nani athubutu? Wakimaliza wanapiga makofi, wanamwambia Mwalimu bado yumo. Yeye hacheki wala hakasiriki. Anapanga vipande upya, anatazama ukungu unavyopita juu ya mikorosho.

Mwanangu wa kwanza anaishi Masasi. Alinipigia simu wakati tukipulizia mikorosho dawa ya salfa, akaniambia maneno niliyokuwa nayaogopa.

"Mama, tuseme ukweli. Baba hayupo tena. Jumamosi nakuja na gari, nimchukue nimtunze huku. Wewe umechoka."

Ni kweli nilikuwa nimechoka. Kumnyanyua mtu mzima kitandani si kunyanyua ndoo. Sikumjibu mwanangu ndiyo wala siyo. Nilijiambia, kama mzee huyu kweli hayupo, aende akaogeshwe na wenye nguvu. Lakini kama yupo, hakuna mwenye haki ya kumpakia garini kama gunia la mihogo bila kumuuliza. Basi nijue kwanza kama yupo. Na Jumamosi ilikuwa karibu.

Nikaanza kumtazama anavyocheza. Nikaona jambo. Mwanzo wake ulikuwa uleule kila siku, na kila mtu. Askari wa katikati, farasi, askofu, mfalme afichwe, kisha askofu wa pili. Mwenzake acheze nini, yeye hatazami. Ni mkono ndio ulikuwa unacheza. Kama mtoto anayeimba jedwali la kuzidisha huku anawaza uji.

Siku hizohizo tulikuwa tunalima barabara ya moto, ya kulinda mikorosho isiungue. Kwetu mwenye akili haanzi kusafisha shamba la mikorosho katikati, hata kama katikati ndiko kwenye miti inayozaa. Unaanza mpakani, unakwangua majani mpaka udongo uwe uchi, kwa sababu moto wa kiangazi hautoki kwako, unatoka kwa jirani. Nikasimama na jembe langu mpakani, nikaufikiria ule ubao. Nikaona mzee wangu analinda katikati tu. Mpakani hakuna mtu.

Jioni ile nikakaa mbele yake. Mjukuu wangu akaja na uchokozi wake, maana yeye humwita babu yake mume.

"Mke mwenzangu, leo umekuja kuaibishwa na mume wetu?"

Nikamwambia akae kimya, atazame.

Mwalimu akachukua weupe, kama kawaida. Akatoa askari wake wa katikati. Mimi nikamtoa askari wa mwisho kabisa pembeni, upande ule mfalme wake anakojificha siku zote. Akatoa farasi. Nikamsogeza askari yuleyule tena. Kanuni inakataza, kipande kimoja usikisogeze mara mbili mwanzoni. Akatoa askofu. Nikaitoa ngome yangu nje, peke yake, jambo ambalo zamani angeliniona nimelewa. Hakuinua macho. Akamficha mfalme palepale. Mimi nikamfungulia malkia wangu njia, naye akamfungulia askofu wake wa pili, kisha nikamsogeza askari wa pembeni wa upande wa pili, maana sikutaka kumshtua. Askofu wake wa pili akaenda kutua mahali anapotua kila siku. Lakini leo mahali pale palikuwa mbele ya ngome yangu.

Nikamla. Farasi wake akalipiza, akaila ngome yangu, malkia wangu akammeza farasi. Mjukuu akanishika bega kunizuia. Mwalimu akasogeza kipande kilichofuata katika wimbo wake. Nikampeleka askari wangu wa pembeni hatua moja mbele, akasimama mlangoni kwa mfalme. Mwalimu akaendelea na wimbo. Nikamwingiza malkia, mfalme akawa hana pa kwenda.

"Bibi, umefanya nini?" Mtoto alikaribia kulia. "Mgonjwa huyu."

Mimi nilikuwa namtazama mume wangu. Alishusha macho kwenye ubao. Akamgusa yule askari wangu mweusi kwa kidole, akafuata njia yake nyuma mpaka alikotoka. Kisha akanitazama mimi, si ule utazamaji wa kunipita. Alinitazama kama siku aliyonikuta nimeuza mbegu ya karanga bila kumwambia.

"Tena," akasema.

Nikamfunga tena, kwa ujinga mwingine, malkia akitangulia kabla ya wote. Kesho yake nikamfunga nikiwa sijaigusa katikati kabisa. Akakasirika. Alipiga meza, akanitukana kwa Kimakonde, tusi refu lenye mwanzo na mwisho, nami nikaenda jikoni nikamshukuru Mungu. Siku iliyofuata mkono wake ulienda kumshika yule askofu wa siku zote, ukasimama hewani. Akatazama mpakani. Akaurudisha mkono. Siku hiyo alinifunga mimi, na kila nilipojaribu tena zile hila zangu alinifunga.

Msije mkasema bibi amewafundisha kudharau kanuni. Kanuni ni njia iliyokanyagwa na waliotangulia, na ukiwa mgeni ipite hiyohiyo. Ubaya wake ni mmoja. Aliyeizoea sana hutembea usingizini, na anayekuja kutoka porini humkuta hajaamka. Sikumshinda Mwalimu kwa akili zaidi. Nilimshinda kwa sababu alikuwa amelala, na sisi sote tulikuwa tunambembeleza aendelee kulala.

Jumamosi mwanangu akafika na mkewe. Akamwamkia baba yake, marahaba ikatoka kwa taabu lakini ikatoka. Sikumweleza lolote. Nilimwambia tu acheze na baba yake, chai inachemka.

Mwanangu anaujua mchezo tangu utoto. Alicheza vizuri mwanzoni, kisha nikamwona, kwa ile heshima yetu, anamweka malkia wake mbele ya askofu wa baba yake, aliwe. Mwalimu hakumla. Alimshika yule malkia kwa mkono wa kushoto, polepole, akamrudisha alikotoka.

"Cheza," akasema.

"Nimekosea tu, Baba. Mle."

"Hujakosea." Alipumzika, akatafuta neno jingine, akalipata. "Masasi siendi."

Mwanangu aliinamisha kichwa. Baadaye akavuta kiti karibu, akacheza kwa nguvu zake zote, na akamfunga baba yake. Mwalimu akacheka kwa upande mmoja wa mdomo, akaanza kupanga vipande upya kwa haraka.

Gari lilirudi Masasi bila yeye. Lakini kabla halijaondoka niliwaita wote barazani, mwanangu, mkewe, mjukuu, na majirani waliokuwa wamekuja kusalimia, nikawaambia hivi: kuanzia leo katika nyumba hii hakuna kumwachia Mwalimu. Mfungeni mkiweza. Nitakayemwona anamwachia, hata awe mgeni wangu, asile chakula changu.