Jina Lililotajwa Kizuizini

Mwaka wa 1955, chini ya hali ya hatari ya wakoloni, mwenye baiskeli huko Manyatta alihitaji pasi mbili: yake mwenyewe na ya baiskeli. Ndwiga wa Njoka alikuwa nazo zote, kwa kuwa alikuwa tarishi, na kila Jumanne na Ijumaa aliteremsha mkoba wa barua hadi mjini Embu.

Aliipenda njia ile. Alijua ni kona ipi ambapo mlima Kirinyaga huchungulia nyuma ya bega la msafiri, na ni ipi ambapo nchi ya Mbeere hufunguka chini, kilima cha Kiang'ombe kikielea katika ukungu. Alijua pia yasiyokuwapo tena: makazi yaliyochomwa, migomba iliyobaki ikilinda majivu. Watu walikuwa wamesukumwa ndani ya kijiji kimoja kilichozungushiwa handaki lenye mianzi iliyochongwa, na handaki hilo lilichimbwa na wanawake, bila ujira, kiboko kikiwa juu yao. Walioiita kazi hiyo maendeleo hawakuwahi kushika jembe.

Ni humo handakini ambamo mama mkwe wake, Njura, alichomwa kiganjani na ncha ya mwanzi. Siku ya tano mkono ulikuwa umevimba hadi kwenye kiwiko, na homa imempanda.

"Mpeleke wewe," Nelius, mkewe Ndwiga, alisema. "Pasi yake ni ya leo tu, mwisho saa kumi."

"Nimpakie mama yako? Nyuma yangu hapa?"

"Au afie hapa kwa heshima?"

Waembu wana adabu iitwayo nthoni. Mume hamtazami mama mkwe usoni, hamgusi, wala halitamki jina lake. Wakikutana njiani, mmoja huingia kichakani. Nelius hakubishana na adabu hiyo, aliitafutia nafasi. Alimketisha mama yake kwenye keria ya baiskeli akitazama nyuma, akamfunga kwa shuka, kisha akasimamisha gunia la majani makavu ya migomba kati ya migongo yao.

Wakateremka hivyo, mmoja akiitazama njia ijayo, mwingine njia iliyokwisha. Njura hangeweza kusema na mkwewe bila ukuta kati yao, na gunia halikutosha; basi alisema na baiskeli.

"Wewe baiskeli, polepole. Bonde hilo ndimo baba yangu alimoficha ng'ombe, mwaka Wazungu walipokuja kuwapora. Walimpata kwa sababu ndama mmoja alilia."

Ndwiga alikuwa amepita pale miaka minne bila kujua. Akapunguza mwendo apate kulitazama.

"Na huyo anayekuendesha, mwambie breki zake zinalia kumshinda yule ndama."

Mabega ya Ndwiga yalitikisika kwa kicheko kisicho na sauti. Lakini mteremko uliofuata haukuwa na hadithi, wala uliofuata huo. Kichwa cha mgonjwa kilikuwa kimelala juu ya gunia.

Kwenye kizuizi cha barabara, askari aliyeletwa kutoka mbali alizipokea pasi.

"Huyu mama ni nani?"

"Mama wa mke wangu, bwana. Ni mgonjwa."

"Jina lake?"

"Limeandikwa hapo."

"Nimeliona. Nataka kulisikia kwako. Wanaowapelekea waasi chakula msituni huazima pasi za watu."

"Ni mama wa Nelius."

"Hapa sioni Nelius. Na mbona amekaa kinyume? Anaficha uso?"

Saa tisa ilikuwa imepita. Tangu aoe, ulimi wa Ndwiga haukuwahi kuliunda jina lile. Hata binti wa jirani aliyeitwa hivyo, yeye alimwita "yule mdogo". Kulitaja kulikuwa sawa na kumvua mama nguo mbele ya watu. Nyuma yake alisikia pumzi za mgonjwa, fupi, za kukwaruza.

"Njura," alisema.

Askari alilinganisha na pasi, akainua mti wa kizuizi. Hakujua alichokuwa amekinyang'anya, na hakuna aliyemtaka ajue.

Hospitalini, karani alipouliza jina, Ndwiga alijibu kabla swali halijaisha. Vidole viwili vilikatwa, mkono ukapona.

Ndwiga alikiri mwenyewe mara zote mbili alizolitaja. Njura aliporudi, alimpelekea kondoo wa kutakasa kosa, akasimama nje ya kibanda chake, uso ameugeuza. Mama mkwe alizungumza kutoka ndani, ukuta ukiwa kati yao.

"Ulinitaja kwa askari."

"Nilikutaja, mama."

"Hilo si lako. Mzigo huo ni wake na waliomtuma. Lakini karani wa hospitali, naye alikushikia bunduki?"

Ndwiga alifikiri. "Hapana, mama."

"Hungeweza kungoja nizinduke nijitaje mwenyewe?"

"Ningeweza."

"Basi kondoo ni wa lile kosa la kwa karani. Mfunge hapo, uketi ule chakula. Keti ukitazama kule."