Rimoti ya Tatu

Mume wangu ni fundi umeme wa magari na hajui nyekundu ni ipi na kijani ni ipi. Wateja hawalijui hilo, na sikwambii ili ukamtangaze. Amezaliwa hivyo, waya za rangi hizo mbili kwake zote ni rangi ya uchafu. Ndiyo maana kila akijipenyeza chini ya dashibodi ananiita, "Mama, njoo kidogo," nami naacha cherehani yangu ya kushonea viti, nainama mlangoni namsomea: hii ya njano, hii ya kahawia, hiyo uliyoshika ni nyekundu, iache. Watu wanaotuona wanadhani tunapendana sana. Tunapendana, lakini si kwa kiasi hicho.

Kabla yangu, kazi hiyo ilikuwa ya dada yake. Mama yao alifariki mapema, dada mtu akamlea. Mume wangu alipokuwa chuo cha ufundi walikaa sakafuni na fungu la waya, dada akimkaririsha zinavyopangana, ipi ina mstari na ipi haina, mpaka akafaulu mtihani bila mwalimu kushtukia chochote. Mtu kama huyo unamlipa nini? Cheche, ndivyo wanavyomwita mume wangu tangu siku alipounguza nyusi zake, alikuwa akisema dada yake akimwambia aingie motoni atauliza tu moto wenyewe uko wapi.

Mimi sikumpenda. Wifi yangu ana mdomo. Siku ya kwanza kufika kwao alinitazama juu mpaka chini, akaniuliza mbele ya wageni nimeishia darasa la ngapi. Nilimeza, lakini sikusahau.

Alikuwa na gari la michezo la milango miwili, kuukuu, chini kiasi kwamba ukishuka unahisi umetoka shimoni. Alilinunua kwa jasho lake, akalipenda kuliko mumewe, na hapo simlaumu. Mwaka jana akapata kazi ya kusimamia stoo ya dawa katika hospitali ya mji wa jirani. Zamu inaanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na usafiri wa umma haufiki huko kabla ya saa mbili. Walimpa miezi mitatu ya majaribio. Akichelewa mara tatu, kazi hana.

Tatizo lilikuwa tundu la ufunguo mlangoni. Lilikuwa limelika, na kila asubuhi alihangaika nalo mpaka jasho linamtoka. Akamwambia mdogo wake amwekee rimoti.

Cheche alifurahi kama aliyeitwa harusini. Alikataa katakata rimoti za dukani zinazofungwa kwa utepe. Alisema kiwanda kilitoa gari lile la aina mbili, la bei kubwa lenye rimoti na la bei nafuu lisilo nayo, lakini hakikujisumbua kusuka waya tofauti. Kwa hiyo ndani ya lile la bei nafuu, nyuma ya dashibodi, kuna soketi tupu inayosubiri. Nilidhani ananitania. Tukafungua, nikamulika, na kweli ilikuwepo, safi, haijawahi kuguswa. Kisanduku cha kupokea rimoti, cha kuchomeka humo, alikitoa kwenye gari la aina ileile lililopondwa, huko yadi ya ajali, pamoja na rimoti tatu za kuokoteza. Kiliingia kwa mlio mmoja tu. Mume wangu alicheka peke yake.

Kisha likaja la kulifundisha gari. Unawasha na kuzima ufunguo mara tano, milango inajifunga na kujifungua yenyewe kukuambia iko tayari kusikiliza, halafu unabonyeza rimoti moja moja. Kila moja, milango inaitika. Moja ya wifi, moja ya mumewe, moja ya akiba. Wifi alibonyeza mpaka tukachoka. Waya mmoja tu tuliuacha bila kuunga, ule wa king'ora na wa kukata starta ili gari lisiwake. "Sitaki makelele, mdogo wangu," alisema. Cheche akaufunga utepe, akausukuma ndani.

Sasa mume wa wifi. Huyu si mtu wa kupiga wala kugomba. Anatabasamu. Kazi ile hakuitaka tangu mwanzo, ila hakusema. "Nenda tu, mke wangu, nani amekuzuia?" Kiwanja ilipo gereji yetu ni chake, na kwa miaka yote hiyo hajawahi kutukumbusha.

Jumamosi moja, wifi akiwa saluni, alileta lile gari mwenyewe. Akaweka rimoti mbili juu ya meza yangu ya kukatia vitambaa.

"Shemeji, lifundishe upya," alimwambia Cheche.

"Kwani limeharibika?"

"Halijaharibika. Lifundishe hizi mbili."

"Na ya dada? Nikifundisha upya bila ya tatu, gari linaisahau. Halitaijua tena."

"Ndiyo maana nimekuja na mbili."

Mume wa wifi akatabasamu.

"Na ule waya wa king'ora uliouacha, uunge. Akitumia ufunguo wa chuma, gari lilie na lisiwake. Sitaki kumkataza mke wangu, shemeji. Mimi si mtu wa hivyo. Gari limkatalie lenyewe." Akainua macho kwenye mabati yetu. "Hivi banda hili lina miaka mingapi sasa?"

Cheche alifuta mikono kwa kitambaa, akaifuta tena ikiwa imeshakauka. Kisha akaingia chini ya dashibodi. Baada ya muda nikasikia, "Mama, njoo kidogo."

Niliinama. Ndani kulikuwa na waya mbili zinazofanana unene, moja kijani, moja nyekundu. Waya wa king'ora unaungwa kwenye kijani. Ningesema ile nyekundu ndiyo kijani, fyuzi ingeungua, kazi ingeshindikana, na Cheche angeweza kumwambia shemeji yake kwa dhati kabisa kwamba amejaribu. Alinitazama kutoka kule chini. Sasa najua alikuwa akisubiri nikosee. Mimi nikafikiria mabati, nikafikiria cherehani yangu, na, niseme kweli, nikafikiria darasa la ngapi.

"Ya kushoto ndiyo kijani," nikasema. Na ilikuwa ya kushoto.

Jumatatu alfajiri wifi alibonyeza, gari kimya. Akatumia ufunguo. King'ora kililia mtaa mzima, majirani wakatoka na mataulo kiunoni, mmoja akauliza nani huyo mwizi aliyevaa sare. Watu walicheka. Mumewe alitoka na singlendi na kaptula, mikono mifukoni, akasema hata rimoti yake inasumbua. King'ora kikazima chenyewe, au ndivyo wifi alivyodhani. Siku hiyo alifika kazini amechelewa.

Jioni Cheche alikwenda. Akafungua rimoti ya dada yake, akatoa betri ile ya duara kama ya saa, akaweka mpya, akafunga.

"Bonyeza."

Akabonyeza, kimya.

"Rimoti yenyewe imekufa, dada."

"Basi king'oe hicho kisanduku, nirudi kwenye ufunguo wangu. Kesho nina zamu."

"Nikikitoa sasa, milango haitafunguka kabisa."

Ulikuwa uongo wa mchana kweupe, na dada yake aliuamini, kwa sababu nani mwingine duniani alimwamini zaidi? Jumanne hakufika kazini. Jumatano alikodi teksi, ikachelewa kuja, akaingia hospitali saa mbili kasoro. Walimpokea getini na barua ya kumwachisha kazi.

Ijumaa alikuja gereji kwa miguu. Cheche alikuwa chini ya lori, na alipoisikia sauti ya dada yake aliivuta miguu ndani, isionekane. Wifi alikaa kwenye kigoda changu. Alikuwa na mfuko wa plastiki. Akatoa sare, nyeupe, imepigwa pasi, jina lake limetariziwa kifuani kwa uzi wa bluu.

"Hii niliinunua mwenyewe," alisema. "Nifumulie jina, wifi, nimpe mtu."

Nikachukua mkasi mdogo. Akanitazama nikianza herufi ya kwanza.

"Wifi, wewe ndiye macho ya mdogo wangu huyu. Najua, maana nilikuwa mimi. Niambie. Ulipomulika mle ndani, uliona nini? Kuna mtu amegusa gari langu?"

Mbali na Cheche kule chini ya lori, hakuna aliyekuwa karibu. Mumewe hakuwepo. Ningeweza kusema neno moja tu.

"Waya zote ziko sawa, wifi," nikamwambia. "Gari ndilo limezeeka."

Akaitikia kwa kichwa, taratibu. Kisha akaniwekea mkono begani, mkono ambao hajawahi kuniwekea tangu niolewe, akasema, "Ahsante. Wewe angalau huwezi kunidanganya."

Nikaendelea kufumua. Jina lake lilikuwa refu, na alikaa pale mpaka herufi ya mwisho.