Mtoto Asiyelipiwa

Desemba ikikaribia, wasichana wa kazi pale Ilongero huanza kufungasha. Wengine huaga vizuri. Wengine huonekana tu wakiwa juu ya bodaboda na begi, wanakwenda kwao Krismasi, na mama mwenye nyumba anajua moyoni kwamba huyo ndiyo basi. Shule nazo zinafungwa wiki hiyo hiyo. Ndipo watumishi wa halmashauri, manesi na wenye maduka wanapojikuta wamesimama mlangoni saa moja asubuhi, wamevaa nguo za kazini, wameshika watoto mkononi, na hawajui pa kuwapeleka.

Asubuhi moja ya namna hiyo ndiyo iliyomwanzishia Editha kazi yake. Jirani yake Jenipher, nesi, alimbishia hodi hata chai haijachemka.

"Nishikie huyu mpaka saa nane tu, mdogo wangu. Nimekwama."

Saa nane ile ilikwenda siku tisa. Siku ya mwisho Jenipher alikuja na kilo mbili za sukari, anatazama pembeni.

"Bora ungenitajia bei," alisema. "Sasa hivi sijui hata nikutazameje."

"Mwakani nitataja."

Walicheka. Lakini mwaka uliofuata Editha alitaja kweli: elfu mbili kwa siku, uji na chakula cha mchana ndani yake. Habari ilifika bombani kabla yake. Wanawake waliokuwa wamepanga ndoo walimpokea kwa vicheko.

"Jamani, Editha kafungua benki ya watoto!"

"Unaweka mtoto, jioni unamtoa na faida ya mavi kwenye suruali!"

Mama mmoja mtu mzima, Winfrida, hakucheka. "Sisi tulilelewa na mtaa mzima," alisema. "Nani alilipa?"

"Shikamoo, mama," Editha alimsalimu kwanza. Kisha akasema, "Na huo mtaa wenyewe uko wapi siku hizi? Nao si umekwenda kazini?"

Hapo hata Winfrida alitabasamu, akamsogezea ndoo.

Editha alizaliwa Mgori, akasoma hadi darasa la saba, na alipofika miaka kumi na sita akapelekwa Singida mjini kulea watoto wa watu. Miaka minne aliyokaa huko haikumpa cheti, ila ilimpa macho. Alijua kwamba mtoto anayeomba maji mara tatu hana kiu, anataka kuangaliwa. Alijua mtoto aliyenyamaza ghafla huku ameweka vidole mdomoni, jioni atakuwa na homa. Alijua yupi anagombana kwa njaa na yupi anagombana kwa usingizi. Hakufundishwa na mtu. Alikuwa anatazama tu.

Na kitu kimoja alikishika kuliko vyote. Kila mzazi aliyemletea mtoto, Editha alimwambia siku ya kwanza, hata kama mzazi huyo ni mkubwa kwake kwa umri na kwa cheo:

"Tafadhali usimtoroke. Muage. Atalia, mwache alie, atanyamaza. Ukimtoroka hatacheza tena, atakaa anakulinda mlangoni."

Huko mjini alimwona mtoto aliyekuwa akitorokwa kila asubuhi. Mama yake alimwambia anakwenda kumnunulia biskuti, kisha akapotelea kazini. Mtoto yule alikuwa anaketi kizingitini toka asubuhi, uji unapoa mbele yake. Biskuti akiletewa jioni, haoni tena kama ni tamu.

Desemba ya tatu ilimkuta Editha akiwa peke yake. Mumewe, Chediel, alikuwa Manyoni kwenye vibarua vya reli tangu Agosti, anatuma hela akipata. Binti yao Eliana alikuwa ametimiza miaka mitatu. Kilichokuwa kinalisha nyumba ile ya vyumba viwili vya kupanga ni watoto saba waliokuja asubuhi na kuondoka jioni, na wanne kati yao walitoka kwa watumishi wa halmashauri, walioletwa na mtu mmoja: dada Aneth wa masijala.

Aneth hakuwa mtu mbaya. Alilipa bila kukumbushwa, na ndiye aliyewashawishi wenzake. Alikuwa na mtoto mmoja, Nathan, wa miaka mitano, aliyempata baada ya kuhangaika sana, na alimpenda kwa wasiwasi. Wiki ya kwanza ya likizo alipita pale mchana bila kutarajiwa. Kesho yake asubuhi hakuondoka haraka kama kawaida yake.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mama Eliana, tuongee kidogo. Jana nimepita hapa saa sita. Nathan nimemkuta amekaa chini, kamasi mpaka kidevuni. Na wewe una wako mgongoni."

"Eliana alikuwa anachemka, dada. Usiku mzima hakulala."

"Pole. Lakini wangu nimemlipia." Aneth alisema polepole, kama mtu anayemweleza mteja wa masijala kwamba faili lake halionekani. "Wako kamlipia nani?"

Eliana alikuwa amemshika Editha gauni kwa nyuma, kashikilia kwa ngumi nzima kama desturi yake, anamchungulia dada Aneth na kumcheka. Alikuwa mtoto wa kucheka na watu. Alikuwa na mama mmoja na hajawahi kumtilia shaka.

"Wenzangu nao wana macho," Aneth aliendelea. "Na mimi ndiye niliyewaleta. Kule ng'ambo ya barabara kuna mama kaweka mpaka bembea. Mimi nimewaambia hapana, tukae kwa Editha, ana mkono mzuri. Usinitie aibu, mdogo wangu."

Jioni ile Editha alimpakata mwanawe akampangia mchezo. Mchana, watoto wakiwepo, yeye ni Anti, kama wanavyomwita wenzake, na hakuna kubebwa. Jioni, wakishaondoka, ni mama tena. Eliana aliupenda mchezo. Asubuhi alikaa kwenye mkeka na wenzake, mikono magotini, akaita "Anti! Anti!" mpaka Editha akacheka kweli.

Saa nne akaja jikoni. "Anti, jioni imefika?"

"Bado, mama."

Saa tano akaja tena. Saa sita akaja. Hakulia. Alikuwa anauliza tu, kisha anageuka anarudi mkekani, na Editha anaendelea kukoroga ugali wa watoto wanane huku moshi ukimpa sababu ya kufuta macho.

Siku ya nne Nathan alianguka akachubuka goti. Editha alimnyanyua, akamfunga mgongoni kwa kitenge alichozoea kumbebea Eliana. Eliana alitazama. Alisogea taratibu kama anayetaka kumpa mwenzake pole, akashika mkono wa Nathan uliokuwa unaning'inia, akauma mpaka alama za meno zikabaki zimejipanga zote.

Jioni Aneth aliukagua mkono ule kwenye mwanga wa mlangoni. Hakupaza sauti.

"Jumatatu nikija nisimkute," alisema. "Nikimkuta, sisi wanne hutatuona tena."

Wanne kati ya saba. Editha hakuhitaji karatasi kupiga hesabu hiyo. Jumamosi alimvalisha mwanawe gauni safi, wakapanda bodaboda kwenda Mgori kwa mama yake.

Bibi Dina alikuwa ametoka shambani, miguu imejaa udongo wa mvua za kwanza. Alimpokea mjukuu, akawapa uji wa uwele, akasikiliza yote bila kukatiza.

"Mtoto nitakaa naye," alisema. "Ila mwambie kabla hujaondoka."

"Nikimwambia atalia, mama."

"Si atanyamaza? Si ndivyo unavyowaambia wenzako huko?"

Dereva wa bodaboda alipiga honi mara ya pili. Wingu lilikuwa limeshajenga upande wa msitu, na mvua ikinyesha ile njia haipitiki. Hizo zilikuwa sababu za kusema kwa mdomo. Ya kweli ni kwamba Editha alijijua: akimsikia analia, harudi Ilongero.

"Eli," aliita. "Nenda nyuma ya nyumba ukahesabu vifaranga wa bibi. Ukirudi uniambie ni wangapi."

Eliana alijua kuhesabu mpaka sita. Alikimbia kwa furaha ya kutumwa. Editha akapanda pikipiki, akamwambia dereva asiwashe mpaka waumalize mteremko wa mbele ya nyumba. Waliondoka kimya kama wezi wa kuku.

Siku zilizofuata alikuwa akimpigia mama yake mchana, watoto wa watu wakiwa wamelala.

"Yuko kwenye ua wa minyaa, pale njia inapoingilia," Bibi Dina alisema siku ya kwanza. "Amekataa kula."

Siku ya tatu: "Kala kidogo. Ila kala hukohuko kwenye minyaa. Nimempelekea."

"Mpe simu, mama."

Simu ilikwenda, ikasikika pumzi, kisha ikarudi. "Hataki. Anasema wewe umo njiani."

Krismasi Editha alikuwa amepanga kwenda. Jenipher akapangiwa zamu siku zote mbili za sikukuu, akamwomba abaki na wake, na mvua nayo ilikuwa imekata barabara. Njia ilipopitika tena, watoto wa watu walikuwa wamesharudi mkekani, akatuma gauni jekundu kwa mwenye bodaboda. Baada ya mwaka mpya alipopiga simu, mama yake alikuwa na sauti nyepesi.

"Usiwe na hofu, mwanangu. Sasa anakula vizuri, analala vizuri. Hakuulizii tena."

Alisema kama habari njema. Editha alishukuru, akakata simu, akabaki ameishika. Kwenye mkeka Nathan aligeuka usingizini, akanyoosha mkono kumtafuta, na Editha akampa kidole akishike, kwa sababu alikuwa amelipiwa, na kwa sababu mkono wa mtoto ni mkono wa mtoto.

Nathan alinenepa likizo ile. Alijifunza kufunga viatu. Siku ya mwisho wazazi walimchangia Editha doti ya kitenge na mafuta ya alizeti lita tano, na Aneth akamkumbatia mbele ya watu.

"Una moyo wa kulea," alisema. "Si wote wanao."

Shule zilifunguliwa Jumatatu. Jumanne alfajiri Editha alikuwa ameshafika nusu ya njia ya Mgori.

Aliwakuta shambani, bibi anapalilia, mtoto ameketi chini ya kivuli cha mti na kibuyu cha maji. Gauni jekundu lilikuwa limeshapauka kwa jua na matope. Editha alitupa mkoba, akakimbia mpaka katikati ya matuta, kisha akapunguza mwendo mwenyewe, maana Eliana alikuwa amenyanyuka na kurudi nyuma, amejibanza kwenye kanga ya bibi.

"Shikamoo," alisema mtoto, kwa adabu kabisa, kama alivyofundishwa kumsalimu mgeni.

Bibi Dina alicheka kwa aibu. "Huyu si mama yako? Hebu mwone huyu!"

Eliana aliinua uso akamwuliza bibi jambo kwa Kinyaturu. Mwezi mzima hakuwa ameongea lugha nyingine. Alikuwa anauliza kama huyu atalala au anaondoka. Editha alilielewa kila neno. Ndiyo lugha aliyoanza nayo yeye mwenyewe.

Walirudi Ilongero siku hiyo hiyo. Eliana hakulia alipoachana na bibi, na hakuuliza kitu njia nzima. Usiku Editha alimvuta kifuani, mtoto akalala hapo alipowekwa. Zamani alikuwa akimshika mama gauni hata usingizini. Sasa mikono yake ilikaa ubavuni mwake mwenyewe.

Editha alijaribu kila alichokijua, na alijua mengi. Alimsimulia hadithi, alimpikia maandazi, alimbeba mgongoni kutwa nzima wakati hakuna mtu wa kulalamika. Eliana alibebwa. Akishushwa, alishuka. Editha akienda bombani alimuaga, "Mama anarudi sasa hivi," na mtoto alijibu "Haya" bila kugeuza shingo. Akirudi alimkuta palepale anapanga mawe yake. Kile alichokuwa anakiogopa, kukuta mtoto amesimama mlangoni anamlinda, hakukiona hata siku moja. Angekiona angefurahi.

Mwezi wa pili Aneth alipita jioni akitoka kazini, yuko na mfuko wa machungwa.

"Shikamoo, dada. Karibu."

"Marahaba. Sikai. Nimekuja mapema nikuwahi kabla hujajaa. Juni usituangushe, tutakuwa watano safari hii." Alimwona Eliana kando ya ukuta, akamwita. Mtoto alikuja, akasalimia, akapokea chungwa kwa mikono miwili, akarudi alipokuwa.

"Mama weee! Ndiye yuleyule aliyeng'ata?" Aneth alishangaa kweli, na kwa furaha kweli. "Kakua! Katulia mno! Huyu hata akikaa na wenzake Juni hatasumbua mtu. Wala usimpeleke tena kwa bibi yake, kwa nini umtese?"

Editha alikuwa na maneno mengi, na aliyatazama yote moja moja. Hakuna hata moja ambalo angeweza kulisema akabaki na watoto watano.

"Ahsante, dada," alisema. "Juni karibuni."

Alimsindikiza mpaka njiani. Aliporudi uani alichuchumaa chini, akafungua mikono.

"Eli, njoo kwa mama."

Eliana aliliweka chungwa juu ya jiwe, akafuta viganja kwenye gauni, akaja, kwa kuwa ameitwa. Akasimama ndani ya ile mikono, akisubiri kuambiwa afanye nini.