Nyota Mbili za Mwalimu Chaki

Wanafunzi walimwita Chaki, kwa kuwa vumbi jeupe halikumtoka kwenye mikono ya koti. Alifundisha takwimu chuoni tangu enzi ambazo mwanafunzi asiyeelewa alinyoosha mkono na kusema, "Mwalimu, hapo umetuacha njiani." Siku hizi mtoto hukaa kimya muhula mzima, halafu huinamia simu na kumpa mwalimu nyota, kama anayesifia saluni.

Chaki alipata mbili kati ya tano. Mwaka nenda, mwaka rudi, mbili. Hata muhula aliomzika mkewe, akafundisha kama mtu anayesoma tangazo ukutani, zilikuja mbili zilezile. Zamani zilimuuma. Sasa zilikuwa kama jino lililopigwa ganzi: unajua lipo, hulisikii.

Mkataba wake ulipokaribia kwisha, mkuu wa idara alimwita ofisini. Mama huyu aliwahi kuwa mwanafunzi wake, na mpaka leo alisimama kumpokea.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Kaa, kiti ni chako."

"Kamati ya mikataba imeketi. Wanasema alama zingekuwa zinapanda na kushuka, tungezitilia shaka. Zako hazijatikisika miaka yote."

"Mizani iliyoshika kutu nayo haitikisiki," alisema Chaki. "Kipimo kurudia jibu lilelile si kusema kweli. Niliwafundisha hilo mwaka wa kwanza."

"Nakumbuka. Ulinirudisha ubaoni kwa swali hilo mpaka nikalia."

"Ukanipa ngapi?"

Mama aliangalia meza. "Moja. Tulijaza kwenye karatasi wakati ule. Nilikandamiza kalamu mpaka ikatoboa."

"Na leo?"

"Leo ningekupa zote tano. Lakini waliokwisha kuhitimu hawaulizwi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo muhula huu ndio wa mwisho, Mwalimu. Nisamehe."

Chaki alingoja hasira ije. Haikuja. Akauliza kama kipindi cha saa nne bado ni chake, akaambiwa ni chake, akaenda.

Darasani alimwita binti wa safu ya nyuma afanye swali ubaoni. Binti akakosea.

"Mzee, mwache akae," mmoja alinong'ona, "ameshatoa jasho la kutosha kufulia." Wenzake wakacheka.

"Rudia," alisema Chaki.

Binti alimtupia jicho baya, akafuta, akaanza upya. Chaki alisimama kando yake. Hakusikia uchungu wala fahari. Alingoja jibu.